Mpira Uko Hewani

Nilikuwa kwa kinyozi Jumapili moja alasiri, nusu ya kichwa imekwisha kunyolewa na nusu ikingoja zamu yake, redio ikitangaza mpira kutoka Arusha. Mtangazaji hakuchoka kuutaja Uwanja wa Kumbukumbu ya Sheikh Amri Abeid. Kinyozi akazima mashine. "Hivi, Profesa, huyu Sheikh alichezea timu gani?"

Miaka mingi nimefundisha ushairi nikisubiri swali lenye hamu ya kweli, nalo likanikuta nimefungwa shuka shingoni. Nikamjibu kwamba simjui kwa timu yoyote. Huyo ni Kaluta Amri Abedi, meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri wa sheria, aliyefariki mwaka 1964. Kabla ya vyeo hivyo, mwaka 1954, alitoa kitabu kiitwacho Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. (Uwanjani ni Abeid, kitabuni ni Abedi, mwanafunzi wangu mmoja aliwahesabu kuwa watu wawili, nami nikapitisha.)

"Sheria za mashairi?" akashangaa. "Kwani mashairi nayo yana refa?"

Yanaye, nikamwambia, tena mkali. Papo hapo mtangazaji akapaza sauti: "Mpira uko hewani! Mchezaji kaumia!" Nikaruka kitini, nusura nipoteze sikio. Hesabu, bwana mdogo: m-pi-ra u-ko he-wa-ni, mizani nane. M-che-za-ji ka-u-mi-a, nane nyingine. Ukwapi na utao, mshororo timamu wa mizani 16, umetungwa na mtu asiyejua kwamba anatunga. Kinyozi akahesabu kwa vidole. Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi wakahesabu naye. Mmoja akashikilia kwamba ile "m" ya mpira haistahili mizani nzima, tukabishana hadi kipindi cha kwanza kikaisha. Sijapata kuwa na darasa zuri kama lile.

Ndipo kinyozi aliponiuliza, bila hila yoyote: "Na shairi lake mwenyewe je? Tupe hata ubeti mmoja."

Sikuwa nao. Nikakohoa, nikasingizia nywele zilizoniingia mdomoni.

Nyumbani nikaitoa nakala yangu. Ni nakala kivuli ya nakala kivuli, niliyoirithi kwa mwalimu wangu na kuwarithisha wanafunzi wangu, ikififia kila kizazi. Inaishia pale zinapoishia sheria. Diwani, ambayo ni nusu ya jina la kitabu, hakuna kati yetu aliyeona haja ya kuilipia kwenye mashine. Jina zima tumeliandika katika marejeleo ya kila tasnifu. Nimewatahini watu kwa kitabu hicho, na yupo niliyemfelisha kwa kuwa, kwa maneno yangu mwenyewe ya wino mwekundu, hakukisoma hadi mwisho.

Kitabu kizima nilikipata maktabani siku ya tatu. Nikakisoma usiku, nikahifadhi beti nne, nikizirudia bafuni kama mtoto wa chuoni. Nywele zilichukua wiki tatu kuota kiasi cha kunipa sababu ya kurudi. Nikaketi, nikafungwa shuka, nikasafisha koo.

"Bwana mdogo, lile shairi ninalo sasa."

"Hebu ngoja kidogo, Profesa," akasema, akiongeza sauti ya redio. "Penalti."