Samaki Mkubwa na Sambaza Wetu

Sisi tukaao Bukavu twalijua ziwa letu kwa juu tu. Alfajiri twaona mitumbwi ikirudi, mitatu mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, na wavuvi wakiimba huku wakipiga kasia. Jioni twala bugali kwa sambaza. Lakini ni nani kati yetu awezaye kusema kwamba amewaona samaki hao wakiwa hai, nyumbani kwao? Twaanza kuwajua wakiwa wamekwisha kufa, katika beseni za akina mama pale soko la Kadutu.

Tena sambaza si wenyeji wa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika karibu na mwaka 1959, kwa maana maji ya katikati ya ziwa letu hayakuwa na samaki wa kuyajaza. Wakazaana, wakawa riziki ya maelfu ya nyumba. Ziwa lina kina cha mita 485, walakini samaki huweza kuishi katika tabaka la juu tu, kiasi cha mita 60. Chini yake hakuna hewa ya kuvuta, ila gesi tupu. Ghala yetu, basi, ni nyembamba kuliko tuionavyo kutoka mlimani.

Tamaa ya kuyaona maisha ya samaki kwa macho ndiyo iliyotusukuma, mwezi wa Desemba mwaka 2018, kushika basi kwa njia ya Rwanda hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo kwenda Nyamisati na kuvuka kwa mashua mpaka kisiwa cha Mafia katika Bahari ya Hindi. Huko iko hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza katika nchi ya Tanzania. Mwenzetu mmoja tuliyesoma naye alikuwa akifanya kazi kisiwani, naye akatutafutia mwalimu wa kuzamia.

Chombo cha kuzamia si uchawi. Mwaka 1943 Wafaransa wawili, Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan, walitengeneza kifaa kinachompa mzamiaji hewa kutoka katika mtungi aubebao mgongoni, kwa kadiri ya haja yake. Sheria yake kubwa ni mbili: usizuie pumzi, na usipande juu kwa haraka. Kila ushukapo mita 10, uzito wa maji huongezeka juu ya mwili. Apandaye kwa pupa aweza kupasuka mapafu. Tulifundishwa siku kadhaa ndipo tukaruhusiwa kushuka mita 12 katika ghuba ya Chole.

Chini kule, karibu na matumbawe, tulimkuta chewa mmoja mnene kama gunia la mihogo. Hakukimbia. Alitutazama kama mzee atazamavyo wageni wasiobisha hodi. Baadaye tulielezwa jambo ambalo hatukulijua: chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, na wakiisha kukua sana hugeuka kuwa madume. Basi mvuvi atoaye wakubwa peke yao huwaacha majike bila mume. Na katika samaki wengine jike mkubwa ndiye hazina, kwa maana hutaga mayai mengi kupita kiasi cha uzito wake; majike wadogo kumi, wakiwa wamoja naye kwa uzito, hawamfikii.

Siku ya pili yake tulikwenda upande wa Kilindoni kumtafuta potwe, yule papa mwenye madoadoa kama kanga, ambaye ni mkubwa kuliko samaki wote duniani. Hapo hakuna haja ya mtungi, kwa kuwa huogelea karibu na uso wa maji. Tuliyemwona alikuwa na urefu wa mita saba hivi, naye bado kijana. Wakiisha kukomaa huweza kupita mita 12. Kinywa kilikuwa kipana kama mlango, lakini hakumtafuna mtu wala samaki mkubwa. Alikuwa akichuja vijikamba na vitu vidogo vidogo visivyotosha kijiko. Tulishangaa sana. Mkubwa kuliko wote huishi kwa wadogo kuliko wote! Wadogo wakiondolewa, yeye hana mlo.

Walakini jamaa zake wapungua. Hesabu ya wataalamu iliyotolewa mwaka 2021 yaonyesha kwamba papa na taa wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 tangu mwaka 1970, na sababu kubwa ni uvuvi uliopita kiasi. Potwe mwenyewe aliandikwa mwaka 2016 miongoni mwa viumbe walio katika hatari ya kutoweka. Huchukua miaka mingi mno kabla ya kuzaa, hata aliyeuawa leo hapati wa kushika mahali pake upesi.

Nahodha wetu, mtu mzima mwenye mikono migumu kwa kamba, alituambia neno ambalo hatujalisahau: “Mwalimu, mgeni hulipa kumwona potwe, na kesho hulipa mwingine kumwona yule yule. Hilo ni jema. Lakini mwanangu hali picha.”

Neno hilo ni la haki. Haifai mwenye kushiba amwambie mwenye njaa aache nyavu ili yeye astarehe kwa kutazama. Fedha ya watazamaji hapana budi ifike jikoni kwa mvuvi, la sivyo hifadhi ni ukuta tu kati ya mtu na chakula chake.

Na sisi huku? Nchi nne zizungukazo Ziwa Tanganyika, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilikubaliana kusimamisha uvuvi tangu 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024. Katika Kivu, Rwanda husimamisha uvuvi kila mwaka kwa miezi kama miwili. Wapo wanafunzi wetu ambao karo yao yatoka kwa sambaza. Uvuvi usimamapo, madaftari nayo hukosekana. Mzazi mmoja alituuliza: “Mwalimu, ziwa likifungwa, tumbo la mtoto nalo hufungwa?” Usiku alikuwa akikokota chandarua kando ya maji, akiokota vichanga visivyofika urefu wa ukucha.

Hatukumkaripia. Tulimwambia tu hesabu. Potwe humngojea mtu miaka mingi, bali sambaza hukua na kuzaa katika muda usiofika mwaka mmoja. Konzi moja ya vichanga ndani ya chandarua ni mia kadhaa. Haijazi sahani leo, lakini ingalijaza beseni baada ya miezi michache. Kungoja kwetu ni kufupi. Kwa hiyo wenye kutoa amri ya kufunga ziwa na watoe pia unga na kazi kwa miezi hiyo, na majirani wenye mashamba wasiwafumbie macho wavuvi. Hapo amri itashikwa bila askari.

Enyi wanafunzi, si lazima mfike Mafia ili mwone. Nendeni ufukoni na rula. Pimeni sambaza ishirini kila mwezi, mkaandike urefu wao katika daftari pamoja na tarehe. Wakizidi kuwa wafupi mwaka hata mwaka, ziwa litakuwa limewaambia kwamba wazazi wamekwisha na twala watoto. Wasomeeni baba zenu hesabu hiyo kwa adabu, jioni, kabla hawajaenda mtumbwini.