Nilitumwa friji Dar, nikalinywa nusu

Kila nikikutana na vijana wenzangu hapa Bombambili swali ni lile lile: "Wewe mwandishi, si ulikwenda Dar? Hebu tupe basi, viwanja vya kula raha ni vipi?" Nimelikwepa swali hilo tangu mwaka jana. Leo nimeamua kujibu, ila mniwie radhi, kwa sababu siwezi kuzitaja baa za Dar bila kulitaja friji la mama yangu.

Kwanza mmjue mama. Mama anapika komoni. Nyuma ya nyumba yetu kuna mabenchi manne chini ya mwembe, na hicho ndicho kilabu chetu. Komoni si pombe ya kuamka asubuhi ukauza mchana. Kimea kianikwe, kisagwe, uji upikwe kwenye pipa, upoe, kimea kitiwe, halafu usubiri siku kadhaa uchachuke. Kutwa nzima kuni zinawaka na yeye yuko pale pale na mwiko wake. Mimi nilimaliza kidato cha nne mwaka 2016. Mwaka huo serikali ilikuwa imefuta ada ya sekondari, lakini ile ya miaka mitatu ya nyuma ilitoka kwenye pipa hilo. Nakiri mbele yenu kwamba shuleni nilikuwa nasema mama anauza mboga.

Sasa moshi umemharibu macho. Hospitali waliniambia mimi mwenyewe, "Kijana, mama yako akae mbali na moto." Ndipo likaja wazo la friji: auze soda, maji baridi na barafu, komoni aiache. Akaanza kuweka mia tano, elfu moja, mwaka mzima, mpaka zikafika shilingi 400,000. Binamu yangu wa Dar alikuwa anaoa, na friji za mtumba kule bei ni chee kuliko hapa. Mama akazifunga zile hela kwenye kipande cha khanga, akakaza fundo, akasema, "Mwanangu, hili ni friji. Usilione kama hela."

Kutoka Songea mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 900. Unaondoka alfajiri, unapita Njombe, Makambako, Iringa, unashuka Kitonga roho mkononi, unapita Mikumi unachungulia tembo, na ukifika stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis ni usiku na miguu imevimba kama ndizi. Binamu akanipokea. Neno lake la kwanza: "Mdogo wangu, leo ni Jumatano. Mpaka Jumapili nitakuwa nimekutoa ushamba."

Haya, chukueni kalamu.

Alhamisi tulianza na wazee. Binamu ni mtu wa dansi, alirithi kwa baba yake. Akanipeleka baa moja ya Ilala ambako muziki wa zamani unapigwa taratibu na watu wazima wanacheza bila kumwagana jasho. Akanieleza kwamba Msondo Ngoma ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, na Mlimani Park, yaani Sikinde, ikaja mwaka 1978. Enzi hizo mji ulikuwa umegawanyika kama Simba na Yanga: wa Sikinde akienda zake DDC Kariakoo, wa Msondo anakwenda Amana, na mkikutana Jumatatu kazini ni ubishi mpaka saa ya chai. Ukienda Dar usiidharau baa ya wazee. Bia ni ya bei ya kawaida, mchemsho upo, na hakuna anayekuangalia viatu. Usiku ule nilitumia 12,000 tu, nikalala kama mtoto.

Ijumaa tukaenda Sinza. Sinza, ndugu zangu, baa zimebanana kama mabanda ya sokoni. Shuka Mori, shuka Kumekucha, nenda mpaka Afrika Sana, kila unapogeuka moshi wa nyama choma unakuita jina. Kiti moto, kuku, ndizi za kuchoma, mpira kwenye runinga kubwa, singeli upande huu, amapiano upande ule. Raha ya Sinza ni kwamba ukichoka baa moja unavuka barabara. Hasara yake ni hiyo hiyo, maana kila ukivuka unaanza upya. Nikatumia 28,000. Nikajiambia, aah, friji bado lipo, muuzaji nitamwomba apunguze.

Hapo ndipo nilipoanza kuliona friji kama hela.

Jumamosi harusi ikaisha mapema, tukaingia mjini na marafiki wa binamu. Tukapita Posta, mtaa wa Mkwepu, binamu akaomba gari lipunguze mwendo. "Hapa palikuwa Bilicanas," akasema, akavua kofia kama mtu aliyepita msibani. Vijana wa miaka ya 1990 na 2000 wanajua. Nchi nzima, mtu akirudi kutoka Dar, swali la kwanza lilikuwa: ulifika Bilicanas? Mwaka 2016 Shirika la Nyumba la Taifa liliwatoa kwenye jengo kwa madai ya kodi ya pango, na baadaye jengo lenyewe likavunjwa. Nikaangalia nikaona usiku tu na magari yanapita. Ningekuwa na akili ningeyafikiria hayo. Lakini mimi nilikuwa nafikiria Masaki.

Masaki tuliingia klabu moja ambayo sitaitaja jina, maana kosa lilikuwa langu. Taa zinawaka na kuzimika, wasichana wamependeza, vijana wananukia, na bia ambayo Sinza nilinunua 3,000 pale ilikuwa zaidi ya mara mbili. Tukakaa meza ya watu sita. Jamaa mmoja aliyevaa saa kubwa akaniuliza natoka wapi. Nikasema Songea. Akacheka, "Songea! Si ndiko kunakotoka mahindi?" Meza nzima ikaangua kicheko. Hakusema neno baya, na mahindi kweli tunayo. Lakini mimi kicheko kile kiliniingia kama msumari.

Nikainua mkono. "Dada, zungusha meza nzima!"

Jamani, hakuna kilaji kitamu duniani kama kutoa ofa. Watu wote wakanigeukia. Yule wa saa akanipigia saluti, akaniita bosi. Nikazungusha tena. Halafu mtu akasema bosi hanywi bia, bosi analetewa chupa kubwa, na chupa ikaja ndani ya ndoo ya barafu, fataki inawaka juu yake, mwanamuziki si mwanamuziki, mbunge si mbunge, mimi mtoto wa Bombambili nimesimama kwenye kiti napunga mkono.

Bili ilipofika ilikuwa 190,000. Binamu alikuwa amesinzia. Yule wa saa alikuwa amekwenda "kupokea simu". Nikaingia chooni, nikafungua fundo la khanga kwa meno. Mama alikuwa amelikaza kweli kweli.

Nilipompa mhudumu zile noti, akazihesabu, akasita, akazisogeza puani. Akaniinamia, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Kaka, hizi mbona zinanuka moshi?"

Sikumjibu. Ulevi wote uliniisha pale pale.

Jumapili binamu alinipeleka Coco Beach. Kama huna hela, hicho ndicho kiwanja chako: mihogo ya kukaanga yenye pilipili, upepo wa bahari wa bure, na kila aina ya mtu anapita mbele yako. Jioni akataka twende Kidimbwi, Mbezi Beach, tukacheze muziki miguu ikiwa mchangani. Watu wanapasifia sana. Nikamwambia kaka, nenda, mimi kichwa kinauma. Jumatatu nikaenda Kariakoo peke yangu. Friji la bei ya chini nililolipata lilikuwa 330,000. Mfukoni nilikuwa na 170,000. Nikanunua deli kuukuu la 40,000, lile la kuwekea barafu na soda, nikalibeba kwenye basi mapajani.

Mama hakupiga kelele. Heri angepiga. Alilifungua deli, akachungulia ndani kana kwamba friji litakuwa limejificha humo, akalifunga. Nikaanza kusimulia habari za meza, yule jamaa wa saa, mahindi. Akanikatisha.

"Mwanangu, mimi nimeuza pombe miaka ishirini. Wanaotoa ofa nawajua. Siku zote hela yao ni ya mtu mwingine. Mke wake, au watoto wake. Mimi nawapokea tu, kwa sababu nina wewe wa kukusomesha."

Akarudi kwenye pipa lake.

Maneno hayo nimekaa nayo mwaka mzima. Nilikuwa namwonea mama aibu kwa kuuza komoni kwenye mabenchi manne, nikaenda kulipa mara kumi ili niheshimiwe na watu wanaouziwa kitu kile kile chini ya taa. Yule dada aliyenusa noti na mama yangu ni wenye kazi moja, na wote wawili walinijua kabla sijajijua. Na mabenchi ya mama hayakosi watu. Mwaka 2017 viroba vilipopigwa marufuku kuanzia Machi 1, vijana wengi wa mtaani kwetu walirudi kwenye komoni. Lakini kila mteja anayeongezeka, kuni zinaongezeka na macho yanazidi.

Kwa hiyo wewe unayefunga begi kwenda Dar, ushauri wangu ni huu. Nenda. Dar ni bomba, sitakudanganya. Anza na dansi la wazee, Sinza ule nyama, Jumapili upate upepo Coco. Toka na hela ya usiku mmoja tu, nyingine iache kwa mwenyeji wako. Ulizia bei kabla hujakaa. Na ukiulizwa unatoka wapi, jibu Songea, wakicheka cheka nao, kisha unywe bia yako moja. Kicheko hakina bili.

Deni langu lilikuwa 230,000. Kwa vijisenti vya safu hii na vibarua vya kubeba matofali nimelipa 165,000. Zimebaki 65,000. Jioni nakoroga pipa mimi, mama anakaa upande ambao moshi hauendi, anauza soda za kwenye deli. Friji likifika, wasomaji, nitawaambia.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.