Pazia la Bibi Aisha

Nyumba yetu hapa Mombasa ina vyumba viwili. Sebule ndiyo ya wageni, ndiyo ya chakula, ndiyo ya kusalia, na usiku hugeuka malazi ya watoto. Humo mwanangu wa miaka tisa anaunda jahazi la maboksi, wiki ya tatu sasa, na dada yake anajenga kijiji cha vifuu na makumbi.

Kuvifagia vyote kabla ya Magharibi ni kazi ya dakika tano. Dini yetu imehimiza usafi, nami naupenda. Lakini nikishika ufagio humkumbuka Bibi Aisha (r.a.). Chumba chake kilikuwa kidogo, na imepokewa kwamba upepo uliinua pazia, wakaonekana wanasesere wake, na kati yao farasi mwenye mabawa ya vitambaa. Mtume (s.a.w.) aliuliza habari zake, akasikiliza jibu, akacheka.

Linalonifunza zaidi ni hilo pazia. Vitu vya mchezo havikutupwa, wala havikutapakaa. Vilikuwa na mahali pake.

Wazee wetu nao walilijua hilo. Nyumba za mawe za Lamu zina zidaka, vishubaka vya ukutani vya kuwekea vitu vya thamani. Nyumba zetu za kupanga hazina zidaka, basi kidaka chetu ni sinia kuukuu la pilau. Jahazi hukaa juu yake. Adhana ikitoka, sinia huingia chini ya kitanda, na msala hutandikwa.

Sharti ni moja: kila mtoto na kazi moja. Anayetaka kuanza nyingine ataimaliza ya kwanza, au ataibomoa kwa mkono wake mwenyewe. Mimi siibomoi.

Kwani mtoto anayejua kwamba kazi yake ataikuta kesho hujifunza subira. Anayejua kwamba itatupwa hujifunza kulipua, na mwisho haanzi kabisa. Hilo nalihofia kuliko macho ya mgeni anayeona nyuzi na gundi pembeni mwa mkeka.

Kina mama wenzangu, nyumba ndogo haikosi pembe moja ya kumwachia mtoto. Tumpe pembe hiyo, na tumfunze kuitunza. Mwenyezi Mungu atubarikie watoto na nyumba zetu. Amin.