Saa 72



Kisa hiki nakisimulia kwa idhini ya wenyewe, na yale yanayoweza kuwatambulisha nimeyaacha.

Miaka kadhaa iliyopita, usiku wa Jumanne baada ya Isha, mama mmoja alisubiri mlangoni mwa madrasa yetu hapa Kigali mpaka wanafunzi wote wakaondoka. Akaniambia binti yake ameingiliwa kwa nguvu na mtu wanayemfahamu, Jumatatu jioni. "Ustadhi, tufanye nini?"

Nikamjibu kwa upole, nikidhani ni hekima: "Tulieni kwanza, mama. Tulisitiri jambo hili, niwaone wazee tushauriane." Wazee wawili walikuwa safarini. Jumatano ikapita hivyo hivyo.

Alhamisi mchana shangazi wa binti akapata habari. Hakuomba ruhusa ya mtu. Akamshika mkono mpaka hospitali ya wilaya, mapokezi ya dharura, nami nikafuata nyuma. Muuguzi hakuuliza alivaa nini wala alikuwa njiani kufanya nini. Aliuliza, "Ni lini?" Akahesabu kwa vidole. Zilibaki saa nne.

Mimi ninayefundisha watoto kuchunga nyakati za swala sikujua kuna wakati huu pia. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi huanzwa ndani ya saa 72, na kadiri unavyochelewa ndivyo kinga inavyopungua. Zikianza, humezwa siku 28. Kuna na dawa ya kuzuia mimba, nayo ina muda wake. Tena mama alikuwa ameshafua zile nguo, na binti ameshaoga, maana twahara tumewafundisha vizuri. Nguo ile ilikuwa ushahidi. Haifuliwi, hutiwa katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, isije ikavunda kwa unyevu.

Tukapelekwa chumba cha Isange. Neno hilo la Kinyarwanda ni kama kumwambia mtu jisikie uko kwenu. Huduma hiyo ilianza 2009 katika hospitali ya polisi ya Kacyiru, kisha ikafika hospitali za wilaya. Daktari, polisi na mshauri wa nafsi wako mahali pamoja, bila malipo, ili aliyeumizwa asizungushwe ofisi hadi ofisi akirudia maneno yale yale mbele ya kila mgeni.

Tulipokuwa tunasubiri kwenye benchi, shangazi akanigeukia. Hakupandisha sauti. "Ustadhi, siku zote hizi ulikuwa unamsitiri nani?"

Sikuwa na jibu.

Siku hizi kila tunapofungua muhula nawaeleza wazazi, baba na mama pamoja, juu ya hizo saa 72 na mlango wa kuingilia. Wengine hutazama chini. Mzee mmoja aliwahi kunyanyuka akatoka.

Binti alimaliza dawa zake zote, alhamdulillah, akarudi darasani. Mama yake nimemwomba radhi. Yeye mwenyewe bado.