Kabla Hujaivunja Hiyo Bima

Dunda, Bagamoyo

Mpwa wangu mpendwa,

Ujumbe wako ulimkuta mjomba wako sokoni pale ufukweni, saa moja na nusu asubuhi, mashua zimeshafika na mnada umepamba moto. Dalali alikuwa ameinua tungo la changu waliopitishwa ukili, maji ya bahari yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko, anaita: elfu nane, elfu nane mia tano, elfu tisa. Mama ntilie mmoja akatikisa kichwa, mwingine akainua kidole, na samaki wakapata mwenyewe kabla mjomba wako hajavaa miwani asome simu. Kiini chake kilikuwa hiki: unataka kuvunja bima ya maisha, urudishiwe hela, uchangie mashine ya boti na wenzako huko Saadani. Uanzie wapi?

Jibu la simu lingekuwa fupi kuliko jambo lenyewe, ndiyo maana umeletewa karatasi.

Mjomba wako naye aliwahi kuwa na bima. Ilikuwa mwaka 2004, akiwa karani kwenye mashamba ya chumvi. Wakala alimfuata ofisini na mkoba wa ngozi, akamweleza habari za bima ya akiba ya miaka 15, shilingi 20,000 kila mwezi. Akalipa miaka minne bila kukosa, jumla 960,000. Mwaka 2008 kazi ikayumba, mshahara ukawa wa kusubiriwa, akaacha kulipa. Hakuandika barua wala hakwenda ofisini. Alidhani kuacha kulipa ndiyo kuvunja, na kwamba hela zake zimetulia mahali zinamngoja.

Alipokumbuka kuzifuata ilikuwa 2013. Hati ilikuwa chini kabisa ya kasha la bibi yako. Karatasi imegeuka manjano, kutu ya pini imekula pembe, mhuri wa zambarau umefifia hata limebaki neno moja la kusomeka. Karani wa kampuni, kijana mwenye adabu zake, alifungua kompyuta, akasoma, kisha akaigeuza hati na kumwonyesha kifungu kilichoandikwa nyuma kwa herufi ndogo kama ufuta. Kifungu kilisema hivi: mwenye bima akiacha kulipa, kampuni itachukua thamani iliyokwisha kujengeka, itamlipia ada kwayo mwezi baada ya mwezi kama mkopo wenye riba, mpaka thamani hiyo iishe. Ilikuwa imeisha siku nyingi. Na kinga nayo ilikwisha siku hiyo hiyo. Kijana yule hakuwa na kosa. Kifungu kilikuwepo tangu siku ya kutia sahihi, ila mwenye hati hakuwahi kuigeuza karatasi.

Kwa hiyo lishike hili kwanza: kuacha kulipa si kuvunja bima. Kuvunja kuna barua, kuna tarehe, kuna sahihi ya aliyepokea.

Sasa itoe hati yako uitazame ni ya aina gani, maana bima za maisha hazifanani. Iko bima ya muda, ambayo ni kama kumlipa mlinzi. Usiku ukipita salama, mlinzi hakurudishii mshahara. Mwenye bima hiyo akiivunja huwa hana cha kudai, labda ada aliyoitanguliza kwa miezi ambayo haijafika. Iko bima ya akiba, na bima nyingi za elimu ya watoto ziko kundi hili: sehemu ya ada inanunua kinga, sehemu inawekwa. Hii ndiyo yenye kitu ndani. Halafu iko ya tatu, ambayo walimu wengi wanayo bila kujijua, nayo ni bima ya mkopo. Benki inapotoa mkopo wa mshahara hukata bima ili mkopaji akifariki deni lisiwaangukie aliowaacha. Mara nyingi ada hiyo hulipwa kwa mkupuo mmoja kwa muda wote wa mkopo. Aliyekopa kwa miaka mitano akamaliza deni mwaka wa tatu amelipia miaka miwili isiyokuwa na deni la kukingwa. Aende benki aulize kama mkataba wake unamrudishia sehemu hiyo. Fedha ya namna hiyo haimfuati mtu nyumbani.

Kwa ulivyoeleza, yako ni ya elimu, ya miaka kumi, shilingi 50,000 kwa mwezi, na umemaliza miaka mitano. Umelipa 3,000,000. Hapo ndipo wengi huumia, kwa sababu hutaraji kurudishiwa tatu hiyo hiyo au zaidi. Ada ya mwaka wa kwanza, sehemu yake kubwa, huenda kwenye kamisheni ya wakala na gharama za kufungua bima, na kila mwaka kinga nayo ina bei yake. Ndiyo maana mikataba mingi haina thamani yoyote ya kuvunja mpaka ada ya miaka miwili au mitatu iwe imelipwa, na hata baada ya hapo kiasi cha kurudishwa huanza kidogo, kikapanda polepole, kikakaribia kile ulicholipa miaka ya mwishoni. Anayevunja katikati ya safari lazima apoteze. Kinachobaki ni kujua anapoteza kiasi gani.

Hata hicho kidogo kisingekuwepo kama si ubishi wa mtu mmoja, na mjomba wako anaomba umvumilie akusimulie, kwa sababu kisa hiki kinaigusa pwani yetu kuliko unavyodhani.

Mwaka 1844 Mmarekani aitwaye Elizur Wright alifika London. Alikuwa mwalimu wa hesabu kama wewe, aliyeacha ualimu akaingia katika harakati za kukomesha utumwa. Mwaka 1833 alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha Wamarekani cha kupinga utumwa. Pale London, katika jengo la Royal Exchange, akakuta mnada. Hapakuwa na samaki wala vitambaa. Zilikuwa zinauzwa bima za maisha za wazee. Watu hawa walikuwa wamelipa ada miaka mingi, nguvu zikawaishia, na kampuni hazikuwa na wajibu wa kuwarudishia hata senti. Njia waliyobaki nayo ni kuiuza bima kwa mlanguzi, naye angeendelea kuilipia ada huku akitumaini mzee afe upesi ili yeye achukue fedha. Kadiri mzee alivyokuwa dhaifu, ndivyo bima yake ilivyopanda bei.

Wright aliufananisha mnada ule na minada ya watumwa ya nchini kwake. Mtu wa Bagamoyo hawezi kulisoma hilo akapita. Miaka hiyo hiyo misafara ilikuwa ikishusha pembe na watu kwenye pwani hii, na soko la watumwa la Unguja halikufungwa mpaka 1873. Mapadri wa Roho Mtakatifu walipoanza misheni yao hapa mwaka 1868, walianza na watoto waliokombolewa kwa fedha. Sisi tunajua maisha ya mtu yakiitiwa bei yanakuwaje.

Aliporudi kwao, Wright hakubaki kulalamika. Alikaa na tarakimu. Alipiga hesabu kwa kila umri na kila mwaka wa bima ili ionekane kampuni inashika kiasi gani kilicho haki ya mwenye bima. Mwaka 1858 akawa kamishna wa bima wa jimbo la Massachusetts. Mwaka 1861 jimbo hilo likapitisha sheria ya kuzuia kampuni kuimeza tu bima ya aliyeshindwa kuendelea, na mwaka 1880, Wright akiwa mzee amebakiza miaka mitano ya kuishi, ikaja nyingine ya kumrudishia mtu fedha taslimu. Jedwali lililo kwenye hati yako, lenye miaka upande mmoja na kiasi cha kurudishwa upande wa pili, asili yake ni huko. Kama hati haina jedwali, kampuni inalo. Liombe.

Na si kuvunja peke yake unakoruhusiwa. Unaweza kuomba bima isimame bila kulipiwa tena: ada inakoma, kinga inabaki kwa kiasi kilichopunguzwa. Hesabu ya kawaida ni ya uwiano. Tuseme bima yako ni ya 6,000,000. Umelipa miaka mitano kati ya kumi, basi inabaki bima ya 3,000,000 pamoja na faida zilizokwisha tangazwa, itakayolipwa muda ukifika au ukifariki kabla. Unaweza pia kukopa kwa dhamana ya bima hiyo hiyo, ukalipa riba, ukaurudisha mkopo. Mjomba wako hakuchagulii. Anachokutaka ufanye ni kuiomba kampuni ikuandikie kwenye karatasi moja: ukivunja leo unapata kiasi gani, ukiisimamisha inabaki ya kiasi gani, ukikopa unaweza kupewa kiasi gani. Halafu iweke karatasi hiyo kando ya bei ya mashine.

Mashine ya boti ni mali ya kweli, hakuna anayeidharau. Lakini ni mali ya watu wanne, inakaa baharini, na kusi likivuma unajua mwenyewe. Wanao wawili hawajamaliza shule ya msingi.

Usimwulize mwalimu mwenzako yeye alirudishiwa ngapi ukadhani na wewe utapata hivyo hivyo. Zamani ingewezekana, kwa sababu mlango ulikuwa mmoja. Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa 1963, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 likabaki peke yake Tanzania Bara mpaka sheria ya 1996 ilipofungua soko. Leo kampuni ni nyingi na kila moja ina vifungu vyake.

Umeongeza mwishoni kwamba ustadhi wa hapo kijijini amesema bima ni haramu. Hajalitoa kichwani mwake. Baraza la mafakihi la kimataifa lenye makao yake Jeddah lilitoa uamuzi Desemba 1985 kwamba bima ya biashara yenye ada maalumu ina gharar, yaani mashaka yaliyopita kiasi, ya kuharibu mkataba, na likaipendekeza badala yake bima ya kusaidiana. Hiyo ndiyo takaful, iliyokwisha kuanza Sudan mwaka 1979, na hapa kwetu nayo imeshaingia. (Neno bima lenyewe tumelipata kwa Wahindi, nao wakalitoa kwa Waajemi, ambao kwao bim ni hofu. Limekuja na bahari kama vitu vyetu vingi.) Ikiwa moyo wako umetulia juu ya fatwa hiyo, basi vunja, wala hakuna wa kukulaumu. Ila bado vunja kwa barua, na lile la ziada juu ya ulicholipa, likiwepo, mwulize ustadhi huyo huyo la kufanya nalo.

Mkeo amesema naye amesaini bima mwezi huu. Huyo hali yake ni nyepesi zaidi. Mikataba mingi humpa mteja mpya siku za kutafakari, ambazo ndani yake akighairi anarudishiwa alicholipa, pengine wakikata gharama ya vipimo vya daktari. Uingereza siku hizo kwa bima ya maisha ni 30. Asome mkataba wake ni ngapi, na azihesabu kuanzia siku aliyoipokea hati au siku nyingine mkataba utakayotaja. Simu kwa wakala haitoshi, maana wakala ana sababu ya kutaka siku zipite.

Ukiamua, mambo yaende hivi. Barua iwe na namba ya bima, jina kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa, na akaunti iliyo kwa jina lako mwenyewe. Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo. Hati halisi wataitaka. Kama imepotea, anza polisi upate taarifa ya upotevu. Siku hiyo hiyo mwandikie mwajiri asimamishe makato, kwa sababu kampuni inaweza kufunga faili lako huku mshahara ukiendelea kukatwa, na ukalazimika kudai fedha mara ya pili. Tazama hati yako ya mshahara miezi miwili mfululizo. Wakikuletea fomu ya kukiri kwamba umelipwa na huna dai jingine, isainiwe baada ya kiasi kilichoandikwa kulingana na kile walichokuandikia mwanzo. Wakikuzungusha, lalamika kwanza kwao kwa maandishi. Wasipojibu, ipo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Huko nakala yako yenye mhuri ndiyo itakayokusemea.

Jumamosi panda gari la asubuhi uje. Njoo na hati yenyewe, si picha ya kwenye simu, maana picha ulizotuma zote ni za upande wa mbele. Shangazi yako atapika wali wa nazi, nasi tutaisoma barazani kuanzia nyuma.

Wasalimie watoto.

Mjomba wako