Sizoni Moja, Kesi Moja

Ndugu msomaji, kama hujawahi kulala Lukozi mwezi wa sita, usinicheke nikikuambia kwamba mimi sheria nilianza kujifunza kwa sababu ya baridi. Baridi ya Usambara haina mzaha. Jioni ukungu unashuka, barabara haionekani, wapakiaji wa kabichi wanawasha moto wa maboksi kando ya malori ya Dar es Salaam, na kijana asiye na kazi anatafuta mahali pa kujibanza. Mwaka 2016 mahali pangu palikuwa banda la video.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka mmoja nyuma, na matokeo yangu yalikuwa yale ya kumwacha mtu nyumbani. Mchana nilibeba magunia sokoni, jioni nikalipa shilingi mia mbili, nikakaa kwenye benchi la mbao pamoja na washikaji wengine. Tulizoea muvi za ngumi. Mwezi ule mwenye banda akaja na flashi kutoka mjini, akatangaza kwamba sasa tutaona “sizoni ya mahakama”. Kwetu sisi sizoni si majira ya mwaka. Ni tamthilia ndefu, ile unayoiangalia leo, ikakukatia pale patamu, ukalala na dukuduku mpaka kesho.

Hiyo ilikuwa *How to Get Away with Murder*, sizoni ya kwanza, iliyoanza kuonyeshwa Marekani Septemba 2014 na kwisha Februari 2015, vipande 15. Jina lake kwa Kiswahili chetu ni kama kusema namna ya kuua ukaponyoka. Mwenye banda alikuwa akitafsiri papo hapo, na alipokwama alitia maneno yake mwenyewe, hata hakimu wa Philadelphia akawa anaongea kama mnadi mitumba. Hatukujali. Tulikuwa tumemwona Annalise Keating.

Huyo mama bwana! Mwanamke mweusi, wakili na mwalimu wa chuo kikuu, akiingia darasani hata mwenye kikohozi anakimeza. Aliyemwigiza, Viola Davis, ndiye mwanamke mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Emmy ya mwigizaji mkuu wa kike wa tamthilia, mwaka 2015. Katika kipande cha kwanza tu anawafundisha wanafunzi namna ya kushinda kesi: wavunje mashahidi, tafuta mtu mwingine wa kumtupia tuhuma, kisha zika ushahidi. Mwanafunzi anayefanya vizuri anapewa sanamu ya yule mama wa haki mwenye mizani. Sanamu hiyo hiyo baadaye ndiyo inayompasua kichwa mume wa Annalise. Wanafunzi wanauchoma mwili porini na kuanza kudanganya, uongo juu ya uongo. Na sisi, Waislamu na Wakristo wa Lukozi, tulikaa pale tukiomba wasikamatwe.

Nilitoka bandani nimenyoosha mabega. Nyumbani tulikuwa na kesi, na nikajiona kwamba wakili wa kesi hiyo ni mimi.

Kesi yenyewe ni hii. Tulikuwa na kipande cha shamba bondeni, hatua kumi kando ya mto. Mtu wa mjini anaweza kuona ni kidogo. Lakini kwetu, shamba la mlimani linangoja mvua, na la mtoni linamwagiliwa hata kiangazi, wakati kabichi zina bei. Kipande hicho baba yangu mdogo alikuwa akikilima. Baba alikuwa amefariki mwaka 2013, na mama alinyamaza, akisema ni ndugu, tutaelewana. Lakini mwaka ule wa 2016 baba mdogo akapanda miche ya mipeasi. Hapo mama akashtuka. Mtu aliyeshikilia shamba la mwenzake hupanda kabichi, hupanda maharage, kitu cha kuvuna akaondoka. Akipanda mti, ana neno lingine moyoni.

Mama akaniita. “Wewe umesoma. Niandikie barua ya kwenda baraza la kata.”

Niliandika kwa mbwembwe zote. Niliandika kwamba baba mdogo “amevamia kwa nguvu na kwa hila”, na kwamba sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999 inakataza mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi. Hilo la sheria ni kweli, nililisoma kwenye kijitabu. Mama alisikiliza, akasema, “Mbona hukutaja zile hela?”

“Hela gani mama?”

“Baba yako alichukua hela kwa mdogo wake, ulipokuwa unaingia kidato cha kwanza. Shamba lilikuwa rehani. Andika yote.”

Nikamwambia kwamba hayo ataeleza mwenyewe siku ya baraza, barua haipaswi kuwa ndefu. Uongo. Tayari nilikuwa nimepekua sanduku la baba, na chini ya kanzu yake nilikuta karatasi ya daftari, imekunjwa mara nne. Mwandiko wa baba, Januari 2012: amepokea shilingi 120,000 kwa ndugu yake, ameweka rehani hatua kumi za mtoni, atakapolipa atarudishiwa. Sahihi mbili.

Nilipoisoma niliona jambo moja tu, kwamba tuna deni. Mama alikuwa akisema baba alilipa kwa magunia ya viazi, mavuno ya 2013, na wakakubaliana mdogo wake avune kwanza kabichi zake zilizokuwa shambani, ndipo aachie. Kabla kabichi hazijafunga, baba akafa. Malipo hayo hayakuandikwa popote. Sasa, nilijiuliza, kwa nini nipeleke karatasi inayoonyesha tulichukua hela, wakati sina karatasi inayoonyesha tulirudisha? Annalise angefanya nini? Jibu nilikuwa nalo. Nikaizika ile karatasi kwenye mfuko wa ndani wa koti langu.

Na si kwamba nilikuwa sijui nilikotoka hela ile. Ilinunua godoro langu, sanduku la bati, sare na viatu. Shamba la mama liliwekwa rehani ili mimi nijue kusoma, na kitu cha maana nilichokisoma nikakificha.

Wiki tatu zikapita. Usiku mmoja mama anamenya viazi akaniuliza, “Ile karatasi ya baba yako hukuiona sandukuni?”

“Sijaiona.”

“Basi nitawaambia kwa mdomo.” Akaendelea kumenya.

Msomaji, baraza la kata lile halikufanana hata kidogo na mahakama ya kwenye sizoni. Hakuna joho, hakuna wakili anayetembea huku na huko. Sheria ya mahakama za ardhi ya mwaka 2002 ilikuwa imekataza mawakili mbele ya mabaraza hayo. Ilitaka wajumbe wanne hadi wanane, watatu kati yao wawe wanawake, na mgogoro usizidi thamani ya shilingi milioni tatu. Ni chumba chenye meza, viti vya plastiki, madaftari, na watu ambao umewaamkia tangu utoto. Mwenyekiti anajua baba yako alizikwa wapi. Mjumbe mmoja ndiye aliyekuzalisha mama yako. Utamvunja shahidi gani hapo, na jioni ukapite mlangoni kwake kuomba moto?

Baba mdogo akaanza. Akasema kwa upole kabisa kwamba hakuvamia, alinunua. Alimpa kaka yake hela, kaka akampa shamba, yameisha. Akaulizwa maandishi. Akasema yaliliwa na panya.

Mama akasimama. Sikiliza namna alivyosema. Hakutaja hila wala sheria ya mwaka fulani. Alisema: “Shemeji yangu hakuvamia, barua imekosea hapo. Hela tulichukua. Lakini haikuwa kununua, ilikuwa rehani, na tulilipa kwa magunia sita ya viazi. Karatasi ya rehani ilikuwepo. Nimeitafuta, sikuiona.”

Baba mdogo akacheka, kicheko kifupi. “Karatasi ilikuwepo!”

Watu wakatazamana. Nikaona mjumbe mmoja, mama mtu mzima, anainamisha macho kwa aibu ya kumwonea mama yangu aibu. Kumbe nilichokuwa nimekificha siyo deni. Nilikuwa nimelificha neno “rehani”, neno pekee lililosimama kati ya mama yangu na “nilinunua”.

Nikainuka kabla sijafikiri.

“Kijana kaa chini, hapa si mkutano wa hadhara,” akasema mwenyekiti.

“Shikamoo mzee. Karatasi ninayo.”

Nikaitoa. Kwenye sizoni ushahidi wa ghafla unapoingia, muziki unapigwa na wakili wa upande wa pili anatoa macho. Pale ilisikika sauti ya karatasi ikikunjuliwa. Mwenyekiti akasoma, akampa jirani yake, ikazunguka meza yote. Ikafika kwa baba mdogo, akaitazama sahihi yake, akanyamaza. Kisha mwenyekiti akanigeukia.

“Ilikuwa wapi?”

“Mfukoni.”

“Tangu lini?”

“Wiki ya tatu sasa.”

“Mama yako alijua?”

“Hakujua.”

Hakuna aliyenigombeza. Mama hakunitazama. Alikuwa anatazama mlangoni, kama mtu anayesubiri mvua ikatike.

Siku ya pili baraza zima likashuka bondeni. Jambo hili sijaliona katika vipande vyote 15 vya Annalise: mahakama kutembea kwa miguu, wajumbe wamepandisha kanga na suruali, wanahesabu hatua kando ya mto. Majirani wakaulizwa pale pale. Bibi mmoja mwenye shamba la juu akasema anakumbuka viazi, maana vilipitishwa mbele ya nyumba yake, na aliona magunia manne. Manne, si sita. Mama akasisitiza sita. Bibi akasema, “Mwanangu, mimi niliona manne.” Hakuwa anamchukia mama. Alisema alichoona.

Uamuzi ukawa hivi: shamba ni rehani, si la kununua. Magunia manne yamehesabiwa, mawili hayana shahidi, kwa hiyo mama alipe shilingi 40,000 zilizobaki. Baba mdogo avune kilichopo, ang'oe mipeasi yake, aachie. Mama aliuza kuku wote na kukopa kwenye kikundi, akalipa. Mpaka leo anasema yalikuwa sita, na mimi namwamini. Baba mdogo alikaa muda mrefu bila kuja nyumbani kwetu, hata Idi. Tulishinda, lakini sikumbuki mtu aliyeshangilia.

Jioni ya uamuzi nilingoja matusi. Mama alipika, tukala, akaosha vyombo. Ndipo akasema, “Kesho utaniandikia barua ya kulishukuru baraza. Safari hii andika ninachosema mimi.”

Nikaiandika. Mistari mitano. Ndiyo maandishi yangu ya kwanza ambayo siyaonei haya.

Mambo yamebadilika tangu hapo. Kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, mabaraza ya kata yanasuluhisha tu, hayaamui. Wakishindwa kupatanisha ndani ya siku 30, mgogoro unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwaka huo huo sheria iliweka Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Na wapo watoto wa milima hii wanaosoma sheria hapo Lushoto mjini, kwenye Chuo cha Uongozi wa Mahakama kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998. Mimi sikufika huko.

Sizoni ile nimeirudia juzi juzi, peke yangu, kwenye simu. Bado ni bomba. Lakini sasa ninapoona wanafunzi wanakimbia na kuficha, sisubiri kujua kama watakamatwa. Nasubiri kipande cha 13, mama yake Annalise, aliyeigizwa na Cicely Tyson, anapokuja kutoka mbali, akamkalisha binti yake chini na kumchana nywele. Annalise anayetisha majaji anakaa katikati ya magoti ya mama yake kama mtoto wa darasa la pili. Wakati ule bandani tulipiga miluzi, tukaomba kirushwe, tuliona hakina mambo.

Wewe unayenisoma hapa, najua unaandika, au unataka kuandika, ndiyo maana umelishika gazeti hili. Utakutana na mtu atakayekuambia, wewe umesoma, niandikie. Moto wa sifa utakupanda kichwani. Kabla hujaanza kupamba, muulize kwanza kama una karatasi yake yoyote mfukoni.