Kabla Hujauza Shamba kwa Ajili ya Viza

Leo naweka pembeni mbolea na viwavijeshi. Msimu huu nimeulizwa kuhusu viza mara nyingi kuliko kuhusu nzi wa matunda, na wanaouliza ni watu wale wale ninaowatembelea shambani. Wanataka kujua kama wauze shamba, ng'ombe au mtaji wa duka ili mtoto aende nje.

Mimi si mwanasheria wala wakala wa safari. Ni afisa ugani. Lakini jambo hili limepita nyumbani kwetu mara mbili, kwa watu wawili tofauti, na mara zote mbili kilichotakiwa kuuzwa ni kitu kimoja: ekari tatu za michungwa hapa Muheza alizotuachia marehemu baba. Mama ndiye anayezitunza, na ndizo zinazomlisha. Naeleza tulivyokwenda, nawe upime ya kwako.

Kwanza, jua unaomba viza gani

Wa kwanza alikuwa mdogo wangu wa kike. Mume wake yuko Leicester, Uingereza, anafanya kazi ghalani, na ana kibali cha kuishi huko moja kwa moja. Wa pili ni mtoto wa dada yangu, binti wa miaka 24, aliyetafutiwa kazi za ndani Muscat, Oman.

Watu huziita zote "viza", kama vile mbegu zote zingekuwa mbegu tu. Viza ya familia inasimama juu ya mambo mawili: ndoa yenu ni ya kweli, na aliye kule ana kipato cha kumtunza anayekuja. Viza ya kazi inasimama juu ya mwajiri. Yeye ndiye anayeomba kibali kwao, na kama hakuna mwajiri hakuna viza ya kazi, hata ulipe mamilioni mangapi. Ukishajua msingi uko wapi, unajua pa kuchunguza kabla hujatoa hata shilingi.

Ya mdogo wangu: kusubiri kuliokoa shamba

Mwaka 2024 shemeji alitaka mkewe amfuate mapema. Kikao cha familia kikakaa. Wazo la upande wa mume lilikuwa tuuze ekari moja na nusu, pesa ya maombi ipatikane haraka. Mama hakusema kitu. Aliuliza tu, "Na wakimkatalia, shamba litarudi?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tukae chini na masharti. Tangu tarehe 11 Aprili 2024, Uingereza inataka mwenzi aliye kule awe na kipato cha angalau pauni 29,000 kwa mwaka. Kabla ya hapo ilikuwa pauni 18,600. Shemeji alikuwa anapata kama 26,000. Alitegemea hesabu aliyosimuliwa na wenzake waliotangulia, na hesabu ile ilikuwa imeshapitwa na wakati.

Nikamwambia mdogo wangu: tukiuza leo, tunanunua jibu la "hapana". Ada ya ombi la viza hairudishwi ukikataliwa. Alilia. Walikuwa wameoana mwaka mmoja na kukaa pamoja wiki tano tu, na mimi ndiye niliyekuwa namwambia asubiri. Mume wake alitafuta kazi nyingine yenye mshahara wa pauni 30,000 na kuianza mwezi wa Novemba. Kwa njia hiyo ya mshahara, lazima uonyeshe hati za malipo za miezi sita, taarifa za benki za miezi hiyo hiyo zinazooana nazo, na barua ya mwajiri. Kwa hiyo hatukuomba mpaka Juni 2025.

Miezi ile hatukukaa bure. Tuliitumia kusafisha karatasi, na hapa ndipo nataka wengi wenu muwe makini.

Majina. Cheti cha kuzaliwa kiliandikwa kwa namna moja na pasipoti kwa namna nyingine. Ni tofauti ndogo, mfano wa Fatuma na Fatma. Kwetu kijijini ni mtu mmoja, lakini kwa afisa anayesoma faili akiwa mbali hao wanaweza kuwa watu wawili. Tulikwenda kwa wakili tukapata kiapo cha majina. Angalia leo cheti chako cha RITA, kitambulisho cha NIDA na pasipoti. Kama haviendani, rekebisha sasa, hata kama safari bado haipo.

Ndoa. Ndoa ya dini ni halali, lakini bila cheti kilichosajiliwa utahangaika. Hakikisheni cheti kipo na kinatambulika RITA.

Ushahidi wa kuishi kama mke na mume. Picha za harusi peke yake hazitoshi. Tulikusanya taarifa za miamala ya simu inayoonyesha fedha za matumizi alizotuma kila mwezi, tiketi za safari alizokuja, na kumbukumbu za mazungumzo yao. Karatasi ya Kiswahili lazima itafsiriwe kwa Kiingereza, na mtafsiri aweke jina, sahihi, tarehe na mawasiliano yake.

Kipimo cha kifua kikuu na lugha. Anayeomba kutoka Tanzania kwenda kukaa zaidi ya miezi sita hupimwa kifua kikuu kwenye kliniki iliyoidhinishwa. Sisi tulikwenda ile ya IOM, Dar es Salaam. Cheti chake kinadumu miezi sita, kwa hiyo usikipate mapema mno. Pia kuna mtihani wa Kiingereza cha kusikiliza na kuzungumza wa ngazi ya A1, ambayo ni ngazi ya mwanzo kabisa. Mdogo wangu alisoma miezi minne.

Sasa gharama. Tulipoomba, ada ya ombi ilikuwa pauni 1,938. Juu yake kuna tozo ya huduma ya afya, pauni 1,035 kwa mwaka, na kwa viza hii inahesabiwa miaka mitatu, yaani pauni 3,105. Jumla pauni 5,043, zaidi ya shilingi milioni 16. Tozo ya afya hurudishwa ukikataliwa. Ada ya ombi ndiyo hairudi.

Fedha hiyo sehemu kubwa aliiweka shemeji mwenyewe katika ile miezi ya kusubiri. Sisi tuliongeza mapato ya msimu wa katikati ya mwaka. Machungwa yaliuzwa yakiwa yamekomaa, kwa bei ya siku hiyo. Kama tungekwenda na haraka ya mwanzo, tungeuza maua mtini kwa bei ya kutupa, na ekari juu yake. Viza ilitoka. Mdogo wangu yuko kwa mume wake, na michungwa yote bado iko kwa mama.

Ya binti: viza iliyokuja kwa picha ya simu

Hii ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu haikuwa na mwenyeji wa kuaminika upande wa pili. Kulikuwa na wakala wa mjini ambaye sitamtaja. Alitaka shilingi milioni 1.8, na shemeji yangu, baba wa binti, alikuwa ameshatoa laki nne kabla sijaambiwa. Wakala alituma picha ya viza kwa simu, akasema ndege ni wiki ijayo, malizieni hela.

Ninyi mnajua nisemavyo kuhusu mbegu: usiamini picha ya mahindi makubwa kwenye mfuko, kwangua lebo ya TOSCI utume namba uhakikishe. Nikafanya vivyo hivyo. Viza za Oman hutolewa na Polisi ya Kifalme ya Oman, na maombi yanaweza kufuatiliwa kwenye mtandao wao. Karatasi yenyewe ukiisoma vizuri ilieleza: ilikuwa viza ya matembezi. Viza ya matembezi hairuhusu kufanya kazi. Anayekwenda nayo akafanya kazi anakuwa mkosaji kule, na akidhulumiwa mshahara anaogopa hata kwenda polisi.

Nikamwomba wakala vitu vitatu: mkataba wa kazi wenye jina la mwajiri na mshahara, leseni yake ya uwakala wa ajira, na namba ya mwajiri tuzungumze naye. Alikasirika, akasema tunamchelewesha. Baada ya siku mbili simu yake haikupatikana. Laki nne zimekwenda.

Binti hakunishukuru. Aliniambia, "Mjomba, wewe una mshahara. Mimi ndege yangu imeondoka." Sikuwa na jibu zuri. Ni kweli nina mshahara, na ni kweli hapa kijijini hakuna kazi ya kumlipa kama Muscat. Anayemzuia kijana asiende lazima ajue kwamba anamzuia na kitu anachokihitaji. Kwa hiyo sikuishia kusema usiende. Nilifuatana naye.

Tulianza kwa Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA, kuuliza ni mawakala gani wana leseni na taratibu ni zipi. Ilichukua miezi saba. Safari hii mkataba ulikuja kabla ya tiketi, ukiwa na mshahara, siku ya mapumziko na nani analipa nauli ya kurudi. Kwa kazi za Ghuba jueni hili: viza yako imefungwa kwa mwajiri, kafili, na kubadili mwajiri bila utaratibu kunaweza kukufanya uonekane mtoro. Ndiyo maana mkataba ni muhimu kuliko tiketi. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu Watanzania wa kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu, na malalamiko yalikuwa haya haya: pasipoti kuzuiwa, saa nyingi za kazi, mshahara kutolipwa.

Kabla hajaondoka tuliacha nakala za pasipoti, viza na mkataba kwa mama yake, na nyingine kwenye simu yangu. Aliandika namba ya ubalozi wetu wa Muscat kwenye karatasi, maana simu inaweza kuchukuliwa. Sasa yuko huko. Anapiga Ijumaa. Kazi ni nyingi, anachoka, lakini mshahara unaingia na tunajua anaishi nyumba gani.

Mambo ya kushika

Moja, usilipie kazi. Msimamo wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, ni kwamba gharama za kuajiri ni za mwajiri. Anayekuuzia nafasi ya kazi, muulize kwa nini.

Mbili, kuna wanaouza nafasi za kutunza wazee Uingereza. Tangu tarehe 22 Julai 2025 nchi hiyo imefunga maombi mapya ya kazi hiyo kutoka nje. Na kwa kazi nyingine zinazohitaji mdhamini, orodha ya waajiri wenye leseni ya udhamini iko wazi kwenye tovuti ya serikali yao, gov.uk. Tafuta jina la mwajiri humo kabla hujatuma chochote.

Tatu, masharti hubadilika. Hata namba nilizotaja hapa, zihakiki kwenye tovuti rasmi siku unayoomba. Aliyekwenda mwaka juzi si kipimo.

Nne, mali inayozalisha iuzwe mwisho, si mwanzo. Uza mazao, weka akiba, kopa kidogo kikundini kama una uhakika wa kulipa. Shamba likiuzwa na viza ikakataliwa, umepoteza viwili. Na shamba la familia lisiuzwe bila wote kukaa na kuridhia.

Mwenye barua au picha ya viza anayotaka tuisome pamoja, anikute ofisi ya kata Jumatano kabla ya saa sita. Aje nayo kabla hajalipa. Wenye michungwa, wiki ijayo tunarudi kwenye nzi wa matunda.